Nani hasa analipia mechi za vyuo vya Marekani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naishi Columbus, Ohio, mwaka wa kumi na moja sasa. Ile futiboli yao ya makofia na mabega makubwa sijawahi kuielewa, na siiangalii. Lakini kila mwezi bili ya kebo inakuja na mstari wa ada ya michezo, na kila mwaka unapanda. Jambo la pili: nina mpwa kutoka Eldoret anayekimbia katika chuo kimoja cha California kwa ufadhili. Juzi ananiambia ligi yao ni ya Pwani ya Atlantiki, na wamepelekwa North Carolina kukimbia. California na Atlantiki wapi na wapi? Nasikia yote haya ni pesa ya televisheni. Naomba unieleze inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani, na kama huyu kijana anaambulia chochote.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na pole na bili. Umeuliza mambo mawili lakini njia ni moja. Tukianzia kwenye bili tutafika hadi kwenye ndege ya mpwa wako.

Kwanza nikurekebishe kidogo, maana hapa karibu kila mteja anakosea. Ule mstari wa ada ya michezo unaokuudhi hauhusiki sana na vyuo. Kwa sehemu kubwa ni malipo ya chaneli za mkoa zinazoonyesha timu za kulipwa za karibu yako: besiboli, kikapu, magongo ya barafuni. Pesa ya vyuo haina mstari wake. Imelala ndani ya bei ya kifurushi, kwenye ile tarakimu nene ya juu isiyo na mchanganuo. Humo ndimo ilimo ESPN, chaneli kubwa ya michezo, ambayo peke yake inakadiriwa kuidai kampuni ya kebo zaidi ya dola 9 kwa mwezi kwa kila nyumba, wakati chaneli nyingi za kawaida zinadai senti tu. Weka juu yake ESPN2 na chaneli za ligi za vyuo, yaani SEC Network, ACC Network, na Big Ten Network ya upande wa kampuni ya televisheni ya Fox, uone unavyopita dola 10 kabla hujagusa rimoti.

Sikiliza vizuri hilo neno: kila nyumba. Sikusema kila nyumba inayotazama.

Hapo ndipo biashara yote ilipojengwa. Mwenye chaneli hamuuzii mtazamaji, anaiuzia kampuni ya kebo, na anaiambia: chaneli yangu iweke kwenye kifurushi cha kawaida, kile ambacho kila mteja anacho, halafu nilipe kwa kuhesabu nyumba. Tuseme bei ni dola moja na nyumba ni milioni moja. Hiyo ni dola milioni 12 kwa mwaka, watazame wasitazame. Bibi anayeangalia mapishi analipa. Wewe usiyejua kwa nini wale vijana wanarundikana juu ya mpira unalipa. Pesa ya matangazo ya biashara inakuja juu ya hiyo, kama mchuzi juu ya ugali.

Kabla sijaanza kufundisha nilikaa miaka kadhaa nikipokea simu za wateja wa kampuni moja ya kebo, ambayo haina haja ya kutajwa. Nilikuwapo kwenye kiti hicho Agosti 30, 2007, siku Big Ten Network ilipofunguliwa. Big Ten ni konferensi, yaani kundi la vyuo vinavyocheza ligi vyenyewe kwa vyenyewe, na ndiyo ya chuo kikuu cha hapo kwenu, Ohio State. Ilikuwa konferensi ya kwanza kubwa kuanzisha chaneli ya aina hii, ikishirikiana na Fox. Ilitaka karibu dola moja kwa mwezi kwa kila nyumba ndani ya majimbo yake, na senti chache kwa nyumba za nje. Kampuni kubwa kadhaa za kebo zikagoma. Zikasema wanaotaka mechi za vyuo wawekwe kwenye kifurushi cha michezo walipie wenyewe. Hilo ndilo neno ambalo mwenye chaneli hataki kulisikia kabisa, kwa sababu likikubaliwa, bibi wa mapishi anatoka kwenye hesabu.

Siku mbili baadaye, Jumamosi, Michigan, chuo kingine cha Big Ten, walicheza nyumbani na Appalachian State, chuo cha daraja la chini kutoka milima ya North Carolina. Uwanjani watu zaidi ya 109,000. Michigan walifungwa 34 kwa 32, mkwaju wao wa mwisho ukazuiwa, na mechi yenyewe ilikuwa kwenye chaneli ile mpya ambayo wateja wetu hawakuwa nayo. Mzee mmoja alinipigia huku redio ikiunguruma nyuma yake. Hakufoka. Aliniuliza kwa upole kabisa kama ninaweza kumfungulia dakika kumi tu, halafu nifunge. Sikuwa na kitufe cha namna hiyo. Mwaka uliofuata makampuni yakaanza kutia sahihi, moja baada ya jingine, na bei ya kifurushi ikapanda kwa kila mtu, pamoja na waliokuwa hawajui kama Michigan ni chuo au ni ziwa.

Hao Appalachian State, kwa bahati ya ajabu, wamo pia kwenye mwanzo wa hadithi hii. Kuanzia miaka ya 1950, haki za kuonyesha futiboli ya vyuo zilikuwa mkononi mwa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Kiliogopa televisheni itamaliza watu viwanjani, kwa hiyo kikaweka kipimo: kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, chuo hakikuweza kuonyeshwa zaidi ya mara 6 katika miaka miwili. Na malipo yalikuwa sawasawa. Mwaka 1981 mechi ya Oklahoma na USC, chuo cha Los Angeles, ilirushwa na vituo zaidi ya 200, ile ya The Citadel na Appalachian State ikarushwa na vituo vinne. Vyuo vyote vinne vikalipwa kiasi kilekile.

Vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia havikuvumilia. Wakaenda mahakamani, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi kwa majaji 7 dhidi ya 2: NCAA ilikuwa inabana ushindani kinyume cha sheria. Mmoja wa wawili waliopinga alikuwa Jaji Byron White, ambaye ujanani alikuwa nyota wa futiboli katika Chuo Kikuu cha Colorado. Yeye aliona mpango ule unalinda michezo ya wanafunzi isigeuke biashara tupu. Alishindwa. Sheria ni sheria, na mimi sidhani mahakama ilikosea, lakini kila nikisoma habari za vyuo kuhama konferensi namkumbuka huyo jaji.

Watu hudhani baada ya 1984 pesa ilimwagika siku hiyohiyo. Sivyo. Kwanza bei ya mechi ilishuka, kwa sababu ghafla kila mtu alikuwa na mechi ya kuuza. Aliyenufaika ni ESPN, iliyokuwa imeanza Septemba 1979 katika mji mdogo wa Bristol, Connecticut, ikiwa na saa 24 za kujaza na kitu kidogo cha kuzijazia. Vyuo vilikuwa na mechi nyingi zisizo na mnunuzi. Wakakutana. Na Jumamosi ilikuwa wazi, kwa sababu sheria ya 1961 iliyozipa ligi za kulipwa ruhusa ya kuuza haki zao kwa pamoja inaizuia NFL, ligi kuu ya futiboli ya kulipwa, kivitendo, isionyeshe mechi Ijumaa usiku wala Jumamosi kwa sehemu kubwa ya msimu wa vyuo.

Jumamosi ilipojaa wakatafuta siku nyingine. Ukitaka kuiona biashara hii kwa macho yako, ndugu yangu, huhitaji kwenda mbali. Mwezi wa Novemba, Jumanne au Jumatano usiku, nenda kaskazini mwa Ohio ukaangalie mechi ya konferensi ndogo ya Mid-American. Mimi niliwahi kwenda. Baridi ya kukata masikio, upepo kutoka ziwani, uwanja umejaa labda robo, wanafunzi wamejifunga mablanketi na wengine wanatazama simu. Nani anaweka mechi Jumanne usiku wakati kesho watoto wana darasa? Chaneli ndiyo inayoweka. Jumanne hakuna mchezo mwingine wa maana, kwa hiyo timu ambazo Jumamosi hazingepewa hata dakika moja zinapata nchi nzima.

Pembeni mwa uwanja alisimama mtu mwenye kofia nyekundu. Hana filimbi, hana mpira, lakini refa anamtazama yeye. Akijitokeza uwanjani, mchezo unasimama kwa matangazo ya biashara, na wachezaji wanabaki wanarukaruka kujipasha moto. Mchezo wa dakika 60 unachukua zaidi ya saa tatu, na sehemu nzuri ya muda huo ni wa yule wa kofia. Mimi nilikwenda na thamosi ya chai ya tangawizi ikaisha kabla ya mapumziko.

Sasa turudi kwenye hesabu ya nyumba, maana ndiyo iliyompandisha mpwa wako ndege.

Kama unalipwa dola moja kwa nyumba iliyo ndani ya majimbo yako na senti kwa iliyo nje, njia rahisi ya kutajirika ni kuongeza majimbo. Huhitaji timu nzuri, unahitaji ramani. Novemba 2012, kamishna wa Big Ten, Jim Delany, aliwachukua Maryland na Rutgers, na wakaanza kucheza 2014. Rutgers kwenye futiboli hawakuwa na jina la kumtisha mtu, lakini wako New Jersey, kwenye kivuli cha New York, soko lenye nyumba karibu milioni 7 za televisheni. Watu wa New York hawakulazimika kuwapenda Rutgers. Ilitosha wawe na kebo.

Maryland ndio wanaokuhusu zaidi. Katikati ya mwaka huohuo wa 2012 walikuwa wamefuta timu saba kwa kukosa pesa, na mojawapo ilikuwa ya mbio za nyika za wanaume. Miezi michache baadaye wakaikimbia konferensi yao ya zamani, ACC, wakamalizana nayo kwa kuiachia zaidi ya dola milioni 31, na bado wakaona wamefaidika. Sasa unaelewa pesa ya nyumba ina uzito gani.

Waliokosea hesabu ni wale wa magharibi. Konferensi ya Pac-12 ilianzisha chaneli zake Agosti 2012, saba kwa mpigo, moja ya kitaifa na sita za mikoa, na ikataka kuzimiliki yenyewe asilimia mia. Wenzao walikuwa na Fox au ESPN mgongoni. Hiyo si hisa tu, ni ubabe: ESPN ikienda kujadiliana na kampuni ya kebo inaweza kusema chukua ACC Network la sivyo ukose na ESPN yenyewe. Pac-12 hawakuwa na cha kumnyima mtu. DirecTV, kampuni kubwa ya dishi, haikuzichukua chaneli hizo mpaka zikafa. Wakati huo wao walikuwa wanalipa kodi ya ofisi na studio San Francisco, mji ambao hata kuegesha gari ni mradi.

Juni 30, 2022, USC na UCLA, vyuo viwili vya Los Angeles vilivyokuwa Pac-12, wakatangaza kuhamia Big Ten. Wiki chache baadaye Big Ten wakatia sahihi na televisheni za Fox, CBS na NBC mkataba wa miaka saba uliotajwa kuzidi dola bilioni 7. Waliobaki magharibi wakaahidiwa mkataba bora unakuja. Ulipokuja, 2023, ulikuwa wa Apple, na pesa yake ilitegemea watu wangapi watajiunga. Yaani malipo kwa mtazamaji, si kwa nyumba. Viongozi wa vyuo waliutazama, wakapiga mahesabu, na Agosti 4 pekee wakaondoka watano: Oregon na Washington kwenda Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah kwenda Big 12, konferensi nyingine. Konferensi yenye zaidi ya miaka mia moja ikabaki na vyuo vinne, na viwili kati ya hivyo, Stanford na California ya Berkeley, vikaanza kubisha hodi.

Aliyefungua mlango ni ACC, konferensi ya Pwani ya Atlantiki. Kwa nini? Mkataba wake na ESPN unakwenda hadi 2036 na ulikuwa na kipengele cha kuongeza malipo kila mwanachama mpya anapoingia. Zaidi ya hapo, ACC Network ingeweza kudai bei ya ndani badala ya bei ya nje kwenye nyumba za upande wa San Francisco na za Dallas, kwa sababu SMU ya Texas iliingia pamoja nao. Wageni wakakubali kula makombo: Stanford na California mgawo wa karibu asilimia 30 kwa miaka ya mwanzo, SMU bila pesa ya televisheni kwa miaka tisa. Tofauti wakagawana wenyeji.

Kwa hiyo ukiuliza California na Atlantiki wapi na wapi, wanakutana kwenye bili. Mpwa wako amevuka zaidi ya kilomita 3,500 ili nyumba ambazo hazijawahi kumsikia ziingie kwenye bei ya ndani. Nikutulize kidogo: wakimbiaji wana nafuu. Mbio za konferensi kwao ni chache kwa mwaka, nyingine wanachagua wenyewe. Wanaoteseka ni mabinti wa voliboli na wachezaji wa tenisi na sofuboli, wanaorudi saa nane za usiku na kesho wana mtihani.

Pesa ikishapokelewa inagawanywa na konferensi, na kwenye Big Ten na SEC, konferensi kubwa ya kusini-mashariki, chuo kimoja kinapata zaidi ya dola milioni 50 kwa mwaka. Kwa miaka mingi mchezaji hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya karo, malazi na chakula, kwa hiyo ikatafuta pa kutokea. Ikatokea kwa makocha. Katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote, gavana ndani, ni kocha wa chuo. Novemba 2023 Texas A&M walimfukuza kocha wao wa futiboli, Jimbo Fisher, na mkataba ukawalazimu kumlipa karibu dola milioni 76 ili asifanye kazi. Nimeandika sawa, milioni 76. Sina la kuongeza hapo.

Lakini sehemu nyingine ilikwenda mahali ambapo hutapachukia. Kwenye idara ya michezo ya chuo kikubwa, futiboli na kikapu cha wanaume ndizo zinazoingiza, na zile nyingine zote zinatumia: kuogelea, mieleka, makasia, riadha. Hakuna anayekata tiketi kuona mbio za nyika, watu wanasimama kwenye nyasi bure. Viatu, kocha, fizio, ndege, kwa kiasi kikubwa vinalipwa na futiboli. Vijana wetu wengi wamepita kwenye mlango huo. Suleiman Nyambui wa Tanzania alisoma El Paso, Texas. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Enzi zao pesa ya kebo haikuwepo, ni kweli, lakini Edward Cheserek, aliyechukua mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon, alikimbia kwenye chuo kilichokwishanona kwa futiboli na kwa msaada wa mwenye Nike.

Basi umeuona mzunguko wenyewe? Wewe unakaa Columbus, huangalii, unanung'unika, unalipa. Dola yako inapita ESPN, inapita konferensi, inafika chuoni, na senti fulani yake inaishia kwenye soli ya kiatu cha mtoto wa dada yako. Wasiotazama ndio waliokuwa wanawalea wasiotazamwa.

Mfumo huo unabomoka, na hili ndilo ninalotaka ulielewe kuliko yote. Mwaka 2011 ESPN ilikuwa kwenye nyumba karibu milioni 100. Leo hazifiki milioni 70. Wanaoondoka si mashabiki, ni watu kama wewe. Kila bibi wa mapishi anayekata kebo anaondoka na dola zake, chaneli inapandisha bei kwa waliobaki, na wengine wanaondoka. Ndiyo maana ugomvi umekuwa wa mara kwa mara. Agosti 31, 2023, kampuni ya kebo ya Charter, yenye wateja karibu milioni 15, iligombana na Disney, wenye ESPN, na chaneli zikakatika wakati Florida na Utah wako uwanjani wanacheza. Zilirudi Septemba 11. Vuli ya 2025 ikawa zamu ya YouTube TV, inayouza kifurushi cha chaneli kwa intaneti, wiki mbili bila ESPN katikati ya msimu. Na Agosti 2025 ESPN wenyewe wakaanza kuuza chaneli zao moja kwa moja kwa intaneti, dola 29.99 kwa mwezi. Linganisha na zile dola 9 na kitu. Hiyo ndiyo bei wanayotozwa wanaopenda wakati wewe haupo kuwasaidia kulipa.

Sasa wanahesabu macho. Florida State na Clemson waliishtaki ACC wakisema wao ndio wanaotazamwa, na Machi 2025 wakapatana: asilimia 60 ya fungu kuu la pesa ya televisheni igawanywe kwa kufuata idadi ya watazamaji wa kila chuo. Chuo cha mpwa wako, kinachoanza kwa mgawo mdogo na chenye mechi ambazo mashariki zinaonekana usiku wa manane, hakitatajirika kwa kanuni hiyo.

Wakati huohuo wachezaji nao wamefika mezani. Juni 6, 2025, Jaji Claudia Wilken aliidhinisha mapatano ya kesi iitwayo House, ambayo wachezaji waliishtaki NCAA, na vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Usianze kumwomba mpwa wako mchango wa harusi. Vyuo vingi vinapanga kama robo tatu iende futiboli, sehemu kubwa ya kinachobaki kikapu cha wanaume, na riadha igombee chenga. Mapatano hayohayo yameweka kikomo cha idadi ya wanatimu, 17 kwa mbio za nyika. Zamani kocha aliweza kubeba vijana 25 akawagawia ufadhili nusunusu. Sasa anaanza kuchuja.

Na kuna habari moja ya mwezi huohuo iliyonigusa. Washington State, chuo cha Rono, ni kimojawapo cha viwili vilivyoachwa peke yao Pac-12 ilipovunjika. Kwa kukosa pesa kikafuta michezo ya kurusha na kuruka na kupunguza mbio fupi. Kilichobaki hasa ni mbio ndefu.

Kwa hiyo mshauri kijana aende kwa kocha na maswali matatu, ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu. Ufadhili wake umeandikwa mwaka mmoja mmoja au hadi ahitimu? Timu ikipunguzwa, yeye ni wa ngapi kwenye orodha? Akiumia na kukaa nje msimu mzima, ufadhili unaendelea? Majibu ayapate kwa maandishi. Wewe unaweza kuona ni ukali, lakini Wamarekani hawachukii kuulizwa hivyo, wamezoea.

Na bili yako? Kama huangalii mchezo wowote, kata kebo, ubaki na intaneti. Nunua antena ya ndani, dola 20 au 30 mara moja tu, utapata ABC, CBS, NBC na Fox bure, na ajabu ni kwamba mechi kubwa za vyuo nyingi ziko hukohuko. Fainali ya wanawake ya kikapu ya 2024, South Carolina na Iowa ya Caitlin Clark, ilionyeshwa ABC na kupata watazamaji karibu milioni 19. Ya wanaume mwaka huohuo iliwekwa kwenye chaneli za kebo, ikapata chini ya milioni 15. Mpwa wako akikimbia, ulizia kama mbio zimo kwenye huduma ya intaneti ya ESPN, lipia mwezi mmoja, halafu futa.

Utaniuliza kama ukikata hutakuwa unamnyang'anya kijana kiatu. Nimeliwaza hilo. Mkataba wa Big Ten unakwisha 2030, na vyuo vikubwa vyote vinasubiri tarehe hiyo kuona ramani itachorwa upya vipi. Kijana wako atakuwa ameshahitimu.